Kabla ya Kumlaumu Adui, Zima Inveta
Mwongozo wa kurusha droni kutoka chomboni, kaskazini mwa Ziwa Tanganyika

Mei 2014, droni ya aina ya Falco ya MONUSCO, ujumbe wa Umoja wa Mataifa wa kulinda amani Kongo, ilikuwa ikipiga doria juu ya Ziwa Kivu, karibu na Goma, wahudumu wake walipoona kwenye skrini boti ikizama. Boti za walinda amani zilikimbizwa mahali pale, na watu 14 wakaopolewa wakiwa hai. Miezi saba baadaye MV Mutambala ilizama katika Ziwa Tanganyika na watu zaidi ya 120 wakafa. Yeyote aliyewahi kusubiri ufukoni Kalundu, bandari ya Uvira, au Baraka habari za boti iliyochelewa anajua thamani ya jicho angani.

Falco ile, hata hivyo, ilikuwa ikipaa kutoka uwanja wa ndege wa Goma. Ilikuwa na lami chini yake na antena zilizosimama mahali pamoja. Ziwa Tanganyika lina urefu wa kilomita zipatazo 670, na sehemu kubwa ya ufuko wake wa magharibi ni mlima unaoingia majini moja kwa moja. Anayetaka kutafuta waliozama upande wa rasi ya Ubwari hana budi kuibeba droni chomboni na kuirushia hapo hapo, iwe ni boti ya doria ya wanamaji au boti ya mbao yenye injini ya Yamaha.

Wazo la kutumia ndege kutoka majini si geni hapa. Juni 1916 Wabelgiji walitumia ndege za kuelea walizoazimwa na Waingereza kwenda kuipiga mabomu meli ya Kijerumani Graf von Götzen bandarini Kigoma, meli ile ile iliyokuja kuitwa Liemba. Marubani wale walikuwa na dira na macho yao, basi. Droni ya leo inategemea vitu vingi zaidi vinavyoweza kupotea.

Droni ndogo inaishi kwa vitu vitatu: wimbi la amri kutoka kwa rubani, ambalo kwa kawaida huwa kwenye gigahezi 2.4 au 5.8, wimbi la GPS kutoka setilaiti, kwenye megahezi 1575.42, na dira ya sumaku iliyomo tumboni mwake. Chombo cha majini kina uwezo wa kuvivuruga vyote vitatu kwa wakati mmoja, tena bila nia mbaya. Rada yake, redio zake, chaja, taa, injini na chuma chake vimebanwa katika eneo dogo ambalo droni nayo inaombwa ipae na kutua. Ndiyo maana wazoefu huanza kumtafuta mkosaji ndani ya chombo chao wenyewe. Wakishamkosa humo ndipo wanapomfikiria adui.

Jeshi la majini la Marekani lilijifunza hilo kwa gharama. Katikati ya miaka ya 1980 lilinunua droni za Pioneer na kuziweka kwenye meli kubwa za kivita kama USS Iowa. Nyingi zikaanguka, sehemu kwa ugumu wa kuzinasa melini na sehemu kwa sababu mitambo ya meli yenyewe ilikuwa ikiziingilia. Ilibidi zitumike dola milioni 50 ili seti tisa tu zifikie kiwango cha chini cha kukubalika. Kufikia Aprili 2009, meli ya mizigo Maersk Alabama ilipotekwa na maharamia wa Kisomali ikiwa njiani kwenda Mombasa, droni za ScanEagle ziliweza kukaa juu ya boti waliyokuwamo maharamia na kuipelekea picha manowari ya Marekani USS Bainbridge. Kati ya Iowa na Bainbridge kulikuwa na miaka ya kazi isiyo na sifa: kupima, kuhamisha antena, kuziba nyaya.

Kazi hiyo inaanzia nchi kavu. Chagua mahali penye kelele ndogo za redio, mbali na minara ya simu, nyaya za umeme na mabati. Kwa mtu wa Uvira, mashamba ya bonde la Ruzizi upande wa Kiringye yangefaa sana: tambarare, anga wazi, hakuna bandari wala milingoti ya meli. Lakini bonde hilo limekuwa uwanja wa vita tangu waasi wa M23 walipoingia Kamanyola Februari 2025, na Uvira yenyewe ilivamiwa Desemba mwaka huo. Kitu chochote kinachovuma angani huko kinaweza kupigwa risasi, na mwenye kukirusha akafuatwa. Bila kibali cha maandishi na utulivu wa kweli, tafuta kiwanja kingine. Ukikipata, rekebisha dira hapo, kisha andika daftarini hali ya kawaida ya droni yako: inaona setilaiti ngapi, nguvu ya mawimbi yake ni kiasi gani, wimbi la amri linafika kwa asilimia ngapi ukiwa umbali fulani. Programu nyingi za droni huonyesha nguvu ya kila setilaiti kwa desibeli-hezi. 40 hadi 50 ni afya nzuri, chini ya 30 ni mgonjwa. Bila namba hizo za nchi kavu hutajua chombo kimekupunguzia nini.

Kisha nenda chomboni, kikiwa kimefungwa gatini. Ondoa pangaboi za droni kabla ya jambo lolote, kwani injini inayojiwasha yenyewe mbele ya watu walioinama ni ajali. Zima kila kitu chomboni. Washa droni peke yake, soma namba. Halafu washa kifaa kimoja kimoja: injini, inveta, chaja, taa, rada, redio, simu ya setilaiti, na kila mara rudi kwenye namba zako. Kifaa kinachoshusha nguvu za setilaiti, kinachoyumbisha dira au kinachokatakata picha ndicho mkosaji. Kiandike. Kazi hii inachosha na inakula asubuhi nzima, na manahodha wengi huiona ni mchezo wa watoto wa kompyuta. Ifanye hata hivyo.

Mkosaji mara nyingi ni mdogo kuliko ulivyodhani. Mwaka 2001, katika bandari ya Moss Landing, California, GPS za vyombo zilianza kupotea bila maelezo. Wataalamu walizunguka na vipimo kwa muda mrefu kabla ya kugundua kuwa chanzo ni antena za televisheni zilizofungwa kwenye boti, zile zenye kikuza-mawimbi ndani yake. Zilikuwa zikivuja mawimbi karibu kabisa na masafa ya GPS. Antena za nyumbani, za bei rahisi, ziliivuruga bandari nzima. Wimbi la GPS linatoka kilomita 20,000 juu, na likifika chini nguvu yake ni ndogo kuliko sehemu moja ya milioni ya milioni ya wati. Ni kama mtu anayekunong'oneza katikati ya soko: hakihitajiki kipaza sauti kumzima, jirani mmoja mwenye kucheka anatosha.

Taa za LED ni jirani wa namna hiyo. Mwaka 2018 walinzi wa pwani wa Marekani walitoa onyo kwamba taa hizo zilikuwa zikiharibu usikivu wa redio za VHF na mfumo wa AIS unaotambulisha meli. Jaribio walilopendekeza halihitaji kifaa chochote cha ziada. Weka VHF kwenye chaneli tulivu, fungua kidhibiti cha kelele hadi usikie mvumo, kirudishe kidogo mpaka mvumo ukatike, kisha washa taa. Mvumo ukirudi, taa hiyo inachafua hewa. Kumbuka kwamba usiku wa giza kaskazini mwa Tanganyika umejaa taa za wavuvi wa dagaa na mikeke, nyingi zikiwa LED zinazoendeshwa kwa betri kupitia visanduku vya umeme vya bei ya chini. Ukirusha droni katikati ya kundi la wavuvi na usikivu ukashuka, sogea pembeni kabla ya kudhani kifaa chako kimekufa.

Inveta na chaja za sola hutoa kelele ya aina moja na taa hizo. Zifunge mbali na kituo cha rubani, sokota pamoja waya wake chanya na hasi, na bana vipande vya feraiti vinavyomeza kelele karibu kabisa na mdomo wa kifaa, wala si mwisho wa waya. Wakati wa kupaa na kutua, zima inveta. Droni na kidhibiti vina betri zao. Kompyuta ya mkononi nayo ichunguzwe. Intel wenyewe walieleza mwaka 2012 kwamba USB 3.0 hutoa kelele kwenye gigahezi 2.4, yaani pale pale droni nyingi zinapopokea amri. Diski ya nje iliyolazwa kando ya kidhibiti inaweza kukupunguzia umbali wa kuruka bila wewe kujua sababu.

Ukiwa tayari majini na huna nafasi ya kuzima kitu kimoja kimoja, sikiliza mapigo. Picha ikiruka kila baada ya sekunde mbili na nusu hivi, hiyo ni rada: antena yake huzunguka mara 24 hivi kwa dakika na kukupiga kila inapokuelekea. Usumbufu unaokuja kwa vipindi maalumu, tuseme kila nusu dakika kwenye vyombo vidogo au kila sekunde chache kwenye meli kubwa, ni AIS ikijitangaza. Unaokuja nahodha anapobonyeza kitufe ni VHF. Unaopanda na kushuka pamoja na mlio wa injini unatoka kwenye plagi au altaneta. Kwa injini ya petroli, hakikisha plagi ni zile zenye rezista ndani, kwa NGK huonekana kwa herufi R katika namba yake. Usiokoma kabisa ni umeme wa ndani: taa, chaja, inveta.

VHF inastahili neno zaidi. Redio ya meli hurusha hadi wati 25, wakati kidhibiti cha droni katika nchi nyingi hakiruhusiwi zaidi ya sehemu ya kumi ya wati moja. Tena redio yoyote inayorusha huvujisha kidogo kwenye masafa yaliyo mara mbili, mara tatu, hadi mara kumi ya yake. Chaneli za juu za meli zipo kwenye megahezi 157 na kitu. Zidisha kwa kumi uone zinakoangukia: ubavuni mwa GPS. Kwa hiyo antena ya VHF iwe mbali na droni inapopaa, na walkie-talkie isiwe mkononi mwa anayeinyanyua. Redio za HF kama Codan, ambazo mashirika ya misaada yamezitumia kwa miaka mingi, hurusha wati 100 na zaidi na huingia kupitia nyaya ndefu. Fupisha nyaya za kituo chako, usiziache zimetandaa sitahani.

Rada ya meli hairushi kwenye masafa ya droni, lakini nguvu yake ya mapigo hufika maelfu ya wati, na kipokezi kidogo kilicho mita chache mbele yake huwa kiziwi kwa muda. Omba iwekwe katika hali ya kusubiri droni inapopaa na inapotua. Kama usalama wa safari haukubali, rada nyingi mpya zinaweza kuagizwa zisirushe upande fulani. Chagua upande huo uwe njia ya droni. Hapo unahitaji makubaliano, na makubaliano yanahitaji mtu mmoja mwenye orodha ya nani anarusha wimbi gani na saa ngapi. Manowari ya Uingereza HMS Sheffield ilipigwa na kombora la Exocet tarehe 4 Mei 1982 katika vita vya Falkland, na watu 20 wakafa. Wakati huo ilikuwa ikiwasiliana kwa setilaiti, na mawasiliano hayo yalikuwa yameziba masikio ya kifaa chake chenyewe cha kutambua rada za adui. Kila mtambo ulikuwa mzima na ukifanya kazi yake.

Dira ina matatizo yake. Hapa boti za mbao za Uvira zinaishinda manowari: sitaha ya chuma hupinda uga wa sumaku, na droni iliyorekebishwa dira juu ya chuma itaamini uongo huo hata ikiwa mbali angani. Usirekebishe dira chomboni kamwe. Ikipaa na kuanza kuzunguka duara linalopanuka, dira ndiyo imedanganywa. Athari ya sumaku hupungua haraka sana kwa umbali. Ukizidisha umbali mara mbili hubaki sehemu ya nane tu. Meza ya mbao ya mita moja na nusu juu ya sitaha hufanya kazi kubwa, na mkono wa mtu mrefu aliyevaa glavu na miwani hufanya vizuri zaidi kwa droni ndogo. Ondoa spika za muziki karibu na hapo, zina sumaku nzito. Vifaa vya meli vilivyotengenezwa kwa kufuata kiwango cha IEC 60945 huandikwa umbali salama kutoka kwenye dira. Umbali huo huo ni mwanzo mzuri kwa droni.

Maji nayo yana hila. Ziwa likiwa shwari, wimbi la amri hufika kwa njia mbili, moja kwa moja na kwa kudunda juu ya maji, na mahali fulani njia hizo mbili huuana. Kwa hesabu ya gigahezi 2.4, antena ikiwa mita 3 juu ya maji na droni mita 30, shimo moja la namna hiyo liko karibu mita 1,440 kutoka chomboni, na baada ya kilomita 3 nguvu hushuka kwa kasi zaidi. Mawasiliano yakikatika ghafla kwenye umbali ule ule kila mara, panda au shuka mita kumi kabla ya kurudi nyuma. Kupandisha antena ya rubani kwenye mlingoti, mbali na rada, kuna faida kuliko kuongeza nguvu, na ni halali. Upande wa magharibi kuna jambo lingine: milima ya Mitumba inafunika sehemu ya anga, hivyo karibu na ufuko wa Uvira droni huona setilaiti chache kuliko katikati ya ziwa.

Kabla ya kupaa, panga kitakachotokea mawasiliano yakipotea. Droni nyingi hurudi pale ziliporukia, na chombo kwa wakati huo kimeshaondoka. Kinachobaki hapo ni maji. Iagize ipande juu na kusubiri, au irudi alipo mwenye kidhibiti kama inaweza. Na rubani ajue kuirusha bila GPS, kwa mikono, upepo ukiisukuma. Mei 2012 huko Songdo, Korea Kusini, droni ya Camcopter S-100, aina inayotumiwa na wanamaji wa nchi kadhaa, ilipoteza GPS wakati ambapo mawimbi yalikuwa yakizibwa kutoka Korea Kaskazini. Iliangukia gari la kituo chake, ikamuua mhandisi na kujeruhi wengine wawili. Watengenezaji walisema kupotea kwa GPS peke yake hakukutosha kuiangusha. Hatua za dharura ndizo zilizokosekana.

Kuzibwa kwa makusudi kupo pia katika Kivu, hilo lisipuuzwe. Ripoti ya wataalamu wa Umoja wa Mataifa iliyotoka mwanzoni mwa 2025 ilieleza kuzibwa na kudanganywa kwa GPS Kivu Kaskazini, karibu na maeneo ya M23 na jeshi la Rwanda. Tofauti yake na kelele ya ndani unaweza kuiona. Kelele ya chomboni hufuata swichi na hupungua droni ikisogea mita hamsini. Kuzibwa kutoka nje hakujali swichi zako, hushusha setilaiti zote kwa pamoja, na simu ya kila abiria hupoteza mahali ilipo. Udanganyifu ni hatari zaidi: setilaiti huonekana zina nguvu karibu sawa, saa hukosea, na ramani hukuweka juu ya mlima huku miguu yako ikiwa majini. Ukiona hayo, teremsha droni kwa mikono na uondoke. Usijaribu kushindana.

Vibali ni sehemu ya kazi hii. Upande wa Kongo, anga ni ya mamlaka ya usafiri wa anga, AAC, na masafa ni ya mdhibiti wa mawasiliano, ARPTC. Jeshi na mkoa nao lazima wajue. Ncha ya kaskazini ya ziwa ni nyembamba, na uwanja wa ndege wa Bujumbura uko ng'ambo tu, karibu na maji. Droni iliyopotea kutoka Kalundu inaweza kuvuka mpaka kabla rubani hajamaliza kulaumu betri.

Droni ikirudi, rubani asiizime mara moja. Apakue kumbukumbu ya safari kwanza, aandike kando yake vifaa vilivyokuwa vimewashwa, chombo kilielekea wapi, ziwa lilikuwa shwari au lina mawimbi, na kama kulikuwa na wavuvi karibu. Injini ya boti ikibadilishwa, taa mpya zikifungwa au mtu akileta televisheni, jaribio la gatini lirudiwe tangu mwanzo, pangaboi zikiwa zimeondolewa.